Nyuzi Zako Nne

Baba Achieng,

Ulikosea. Na usidhani nitanyamaza kwa sababu watu wanasema marehemu hagombezwi. Nilikugombeza miaka thelathini na nane ukiwa na masikio mawili mazuri, sioni kwa nini niache sasa. Yule kijana anayeuza kaseti kule Makina alikuja hapa kwetu mara mbili, redio begani, betri mpya ndani. Akasema, Mzee, nipigie nyimbo tatu tu nikurekodi. Ukamfukuza. Ukamwambia wimbo ukiingia kwa kaseti unakuwa kama omena ya kukaushwa, unalika lakini hauogelei tena. Watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Sasa nani anacheka? Wewe uko kwenu chini ya udongo, na mimi niko hapa Kambi Muru na nyatiti, kinanda chako cha nyuzi nane, na katika hizo nane najua nne.

Nne, Baba Achieng. Hizi za mkono wa kulia. Zile za kushoto ulienda nazo.

Leo ni Ijumaa. Nimemaliza kuuza maandazi na nimefunga mlango ili wanawake wa ploti wasiingie kuniuliza naandika nini. Kesho saa nne asubuhi ndugu yako Ouma anafika kutoka nyumbani kuchukua nyatiti. Ndiyo maana nakuandikia leo. Mwandiko ni wangu mwenyewe. Uliponiona naenda gumbaru ulisema mwanamke mzima atakaaje dawati moja na wazee wasio na meno. Haya, nilikaa, na leo hakuna mtu wa kunishikia kalamu. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kilikuwa lugha ya nyumba hii. Kijaluo chako sikukimaliza, na Kimaragoli changu wewe hata hukukianza.

Nikupe habari kwanza. Paa linavuja palepale. Pale kando ya barabara ulipokuwa na meza yako ya useremala sasa kuna kijana anatengeneza vitanda, misumari inatokeza, nimemwambia na amenuna. Binti yetu Achieng bado analia akipika samaki, basi siku hizi akitoka kwake Kawangware kuja kunitazama nampikia mimi, tunakula kunde. Kule Nyayo Highrise kuna mama wa ghorofa ya chini ananunua maandazi yangu, na mlango wake ni mmoja wa ile uliyotengeneza. Bado unafunga kwa kidole kimoja. Kila nikienda naufunga mara mbili. Yeye anafikiri nimeanza kuzeeka akili.

Mimi silii. Mimi nina hasira.

Unajua nyatiti sikuipenda. Sitaanza kukudanganya leo. Kila Jumamosi wanaume wa kwenu walijaa hapa, miguu imetandazwa mpaka siwezi kufika kwa jiko langu mwenyewe, na wewe katikati kwenye kigoda, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, unaigonga kwa ubao wa nyatiti mpaka vikombe vinacheza kabatini. Na lazima uimbe ule wimbo wangu. Nyar Maragoli, binti wa Maragoli, ndivyo ulivyoniita tangu siku ya kwanza, na ukanitungia wimbo bila kuniuliza. Nyar Maragoli hugombeza hata mvua, mvua ikafika mlangoni ikasimama, ikauliza, mama, niingie? Watu wanapiga makofi, wanaangalia mimi. Hata kwa mfereji wa maji wanawake waliniimbia. Miaka yote hiyo nilikuambia huo wimbo una matusi. Ukasema, a-a, sikiliza vizuri, mvua iliingia au haikuingia? Sikukujibu.

Halafu ikaja ile Jumatatu. Ukaanguka mezani na msumeno mkononi. Wiki tatu hospitali, wakakurudisha na upande wa kulia umekufa, mkono, mguu, shavu. Hayo ningeyavumilia. Lakini na maneno yalikuwa yamekwenda. Mtu aliyekuwa anaongea kutoka Kibera hadi Kisumu bila kumeza mate, umebaki na maneno mawili. Haya, na a-a. Ukitaka maji, haya. Ukitaka choo, haya. Nikileta maji kumbe ni choo, a-a, a-a, a-a, unatupa kikombe kwa mkono wa kushoto. Nilikugombeza kwa kile kikombe. Ndipo ukalia. Sikuwa nimekuona ukilia hata tulipomzika mama yako. Nikageuka nikaenda kuchochea jiko ambalo halikuwa na moto.

Nimekuambia mara nyingi jinsi ilivyoanza lakini wacha niandike, labda Achieng atasoma. Nilikuwa naondoa utando wa buibui ukutani. Nyatiti ilikuwa inaning'inia kwa msumari wake, ufagio ukagusa nyuzi, zikalia. Na nyuma yangu, kitandani, mtu akaimba. Nyar Maragoli hugombeza hata mvua. Yote. Maneno yote, moja moja, safi kama zamani. Niligeuka. Ukaniangalia, mdomo wazi, hata wewe ulikuwa umeshtuka. Nikasema, sema tena. Ukasema, haya. Nikapitisha ufagio tena kwenye nyuzi. Ukaimba.

Daktari alituambia maneno yamekufa. Hayakuwa yamekufa. Yalikuwa yamehamia kwa nyatiti.

Basi ningefanya nini? Nilikuwa na miaka sitini na moja, nina magoti mabaya, vidole vimechomwa na mafuta ya maandazi, na mtu wangu alikuwa hawezi kuniambia anaumwa wapi mpaka nyatiti ilie. Nikaishusha. Wazee wa kwenu wa hapa Kibera waliposikia wakaja watatu, wakakaa, wakasema mwanamke hakalii nyatiti, ni kitu cha wanaume, tena mwanamke wa Kiluhya. Nikawaambia sawa, basi mtakuwa mnakuja nyinyi kuipiga kila akitaka kukojoa. Walikunywa chai wakaenda. Wewe kitandani ulicheka na nusu ya uso.

Achieng alikata miguu ya ile fomu, lile benchi la mbao ulilotengenezea kanisa na wakaikataa kwa kuwa ni fupi. Ikawa fupi zaidi. Wewe ukakaa mwisho wa kushoto, mimi mwisho wa kulia, nyatiti chini mbele yetu. Mkono wako mzima ulishika nyuzi zako nne, mimi nikashika hizi nne ambazo mkono wako wa kulia ulikuwa umeziacha. Pete pia ilikuwa yangu, kwa sababu mguu wako wa kulia ulikuwa umelala. Haikuingia. Kidole changu cha mguu kimepinda tangu ujana. Fundi wa jua kali aliikata pete, akaipanua, akaniuliza ni ya ng'ombe gani.

Hakuna mtu aliyewahi kunifunza vibaya kama wewe. Ulikuwa na neno moja tu la ualimu. A-a. Navuta uzi, a-a. Napiga pete, a-a. Mwezi mzima ngozi ya vidole ilitoka, nikawa nakanda unga kwa ngumi. Nilikuwa natazama vidole vyangu kama mtu anayetafuta sindano, na nikivitazama vinapotea. Siku moja ukachoka. Ukaacha nyuzi zako, ukanyoosha mkono wako wa kushoto, ukaniziba macho. Ukaniziba hivyo na harufu yako ya msandali ambayo haikuwa imetoka mkononi miezi yote hiyo bila kazi. Nikapiga. Hukusema a-a. Ulisema, haya.

Baada ya hapo tuliongea, Baba Achieng. Miaka mitatu. Watoto wa ploti walikuwa wanakaa mlangoni kusikia Mzee ataimba nini leo. Uji hauna sukari, Nyar Maragoli, uji wako hauna sukari. Dirisha, fungua dirisha. Ouma ana deni la kuku wangu. Nilikuwa napiga huku nakujibu kwa hasira, na wewe unaimba kwa ukali, na wale watoto wanaanguka kwa kicheko. Shosh, wananiambia, mpigie tena akuchape. Na mengine uliimba mlango ukiwa umefungwa. Uliimba pole kwa yule mtoto wetu wa kwanza aliyezaliwa amekufa, mimi peke yangu, wewe ukiwa kazini mbali. Ulikuwa na miguu na mikono na mdomo mzima miaka yote hiyo, hukusema. Ulisema ukiwa nusu mtu. Mkono wangu ulikosea siku hiyo na hukunisahihisha.

Sasa nifike kwa ile asubuhi. Ndiyo ninayoizungukazunguka hapa kama kuku.

Ulinivuta leso. Mimi nilikuwa na unga mpaka kwa kiwiko, mafuta yameshika moto, wateja wawili wanangoja nje. Ukanivuta mara ya pili, ukaelekeza fomu kwa kidevu. Haya, ukasema. Haya. Nikakuambia ngoja. Nikakuambia, Baba Achieng, mimi si redio yako, ngoja nimalize maandazi. Ukaachilia leso. Nilimaliza karai lile. Nikauza. Nikanawa mikono kwa sabuni mpaka ikawa safi, maana ulichukia nyuzi zikiwa na mafuta. Nikarudi nikiwa nafuta mikono na nikakaa kwa fomu upande wangu kabla sijakuangalia, nikasema, haya, sema sasa.

Ulikuwa umeegemea ukuta. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika nyuzi zako. Ulikuwa umeanza bila mimi.

Ulitaka kuniambia nini? Nimeliuliza hili swali mpaka limechoka. Labda ni uji. Achieng anasema, Mama, labda alitaka tu chai. Labda. Lakini ukitaka chai hunivuti mara mbili.

Nyumbani tulikupeleka vizuri, ulilala penye kivuli. Walileta mtu mwingine akapiga nyatiti yako kaburini, kijana hodari, mikono miwili, na kila mtu akasema amepiga. Mimi nikaona amepiga mbao. Baadaye Ouma akasema nyatiti ibaki pale kwenu, ni ya wanaume wa boma. Nikasimama mbele ya wazee wote na nguo yangu nyeusi, nikawaambia huyu mtu miaka mitatu alisema kwa mkono huu, nani mwingine hapa alimpa hata neno moja? Ouma si mtu mbaya, alikuwa analia kama mimi ningelia. Akasema, shemeji, mkono mmoja si nyatiti, naogopa itaoza ukutani kule Nairobi. Nenda nayo. Nitakuja kabla ya ukumbusho. Nikikuta unaipiga nzima, kaa nayo mpaka ufe. Nikikuta nusu, narudi nayo. Nikampa mkono mbele ya watu.

Na nilipofika hapa, unajua nilifanya nini? Mama yangu alinifunza mtu akizikwa kila alichogusa kinaoshwa, nyumba ipumue. Nikaosha blanketi, nikaosha kikombe, nikaosha lile shati la Jumapili. Nikachukua nyatiti nikaiosha. Na maji, na sabuni ya mche, na brashi ya viatu. Niliisugua tumbo na mgongo mpaka povu likatoka jeusi, nikajisifu. Ndiyo ujinga wa mwanamke safi. Kesho yake ngozi ilikuwa imelegea kama soksi. Nilivuta uzi ikasema pu. Nikavuta mwingine, pu. Nilikaa chini na matope yale ya sabuni nikajua nimekuua mara ya pili, ya kwanza kwa maandazi na ya pili kwa sabuni.

Niliifunga mgongoni na leso nikaenda nayo kwa miguu mpaka Kawangware. Vijana njiani wananiuliza, shosh, huyo mtoto ni wa nani? Nikawaambia ni mume wangu, pisheni. Achieng alinipeleka kwa Mzee Asava, mtu wa kwetu, anatengeneza ngoma za makanisa karibu na mtaa wa Satellite. Aliinusa. Akasema, mama, hii imeoga? Nikasema ndiyo. Akasema, na ulimpaka mafuta pia? Alipomaliza kucheka aliniona uso akaacha. Akaniambia nisiiweke juani wala karibu na jiko, itapasuka. Ikaushwe kivulini, kwa upepo, polepole, yeye ataivuta ngozi upya. Nilienda pale wiki tatu, kila siku baada ya maandazi, nakaa naitazama. Sauti ilirudi. Si ileile. Imeshuka kidogo, ni kama ya mtu aliyelia akamaliza. Mzee Asava anasema imekuwa nzuri zaidi. Yeye hakukujua.

Nikaanza kutafuta nyuzi zako.

Fomu hiyo uliitengeneza vibaya, au Achieng aliiharibu alipoikata, miguu iko ndani sana. Mtu mmoja akikaa mwisho wa kulia, mwisho wa kushoto unainuka. Niliangushwa mara ya kwanza mbele ya binti wa Achieng, mjukuu wako mwenye jina langu, akacheka mpaka akapaliwa. Basi nikaweka mtungi wa maji mahali pako. Lita ishirini. Ukakaa pale, mtungi, na mimi upande wangu, napiga nne zangu na kuacha nafasi ya zako. Nusu ya wimbo, kimya, nusu ya wimbo, kimya. Nilifanya hivyo miezi. Nikijaribu mkono wa kushoto unaenda kama mlevi. Nilijaribu kukumbuka kwa sikio, sikio halina kitu, miaka yote nilikuwa nasikiliza maneno tu. Nilijaribu kwa macho, nikakumbuka uliniziba.

Jumanne iliyopita maji yalikatika Kambi Muru nzima, nikauchukua ule mtungi kupikia. Nikasimama na fomu tupu. Sikutaka kukaa katikati. Nakuambia ukweli, nilizunguka ile fomu kama mtu anayeogopa mbwa. Kukaa katikati ni kusema hakuna anayekuja kukaa.

Nilikaa. Nikafumba macho. Mkono wa kulia ukaanza, umezoea. Na kushoto, hapa kwenye bega, nikaanza kuhisi mgongano. Baba Achieng, huu mkono wangu wa kushoto ndio uliokuwa umebanana na wewe. Miaka mitatu. Kila ulipovuta uzi mwili wako wote ulitikisika, na lile bega lako lililokufa lilinigusa hapa, tu, tu-tu, tu. Mimi nikafikiri unanisukuma. Nilikugombeza kwa hilo pia, nilisema sogea. Kumbe ulikuwa unaniwekea. Mkono ulikuwa unajua kabla yangu.

Nikakosea. Nikarudia. Nyuzi mbili, halafu tatu. Jumatano nne, kwa fujo. Jana niliupiga ule wimbo wangu mzima, mara moja, mpaka mvua ikafika mlangoni. Mara moja tu. Leo nimeujaribu mara mbili na mara zote mbili nimeuharibu pale katikati, pale ulipokuwa ukivuta pumzi. Kwa hiyo sijui kuhusu kesho. Nina miaka sitini na tano na naogopa kama mtoto wa darasa la kwanza. Ouma atakaa kwa stuli pale mlangoni na kofia yake mkononi, na sitamwomba. Nikishindwa nitaifunga kwa leso mimi mwenyewe nimkabidhi, nilimpa mkono mbele ya watu. Lakini hiyo nyatiti ikitoka hapa, ule wimbo umekufa, maana hakuna mwingine duniani anayeujua wote, maneno na nyuzi, na mimi sikuwahi kukujibu swali lako.

Iliingia. Mvua iliingia. Sikuifukuza. Umefurahi sasa?

Nenda salama, mzee wangu, ingawa ulishaenda. Nitakupalilia pale kwenu kila Desemba nikiwa na magoti, na nikikosa magoti Achieng atanibeba. Na hizi nyuzi, nikiachiwa, huyu mjukuu wako nitamkalisha upande wa kushoto kuanzia wiki ijayo. Atajua zote nane. Sitamwachia mtu nusu.

Sasa nisikilize, na usinijibu a-a. Kesho saa nne nikianza kupiga, usisimame mlangoni kuuliza. Ingia. Nitakuwa nimekaa katikati, nisukume, nitasogea. Nikishafika pale unapovuta pumzi, nikamate hapa begani. Halafu umalize ulichokuwa unaniambia. Nimenawa mikono.

Nyar Maragoli wako